Sura ya Sita: Chuma Kinachoinama

Lori likikata springi, dereva husikia kabla ya kuona. Ni mlio mmoja mkavu chini ya bodi, kama wa shoka likipasua kuni, halafu gari linaanza kulalia upande. Utingo anaruka chini na kuchungulia nyuma ya gurudumu, na anapoinuka dereva hana haja ya kumuuliza. Limekata.

Lori la namna hiyo nililikuta Busawe, upande wa Serengeti, ambako Tarime iko ng'ambo ya Mto Mara. Lilikuwa Fuso la siku nyingi lenye shehena ya mahindi, limeegeshwa chini ya mti, na bega lake la nyuma kulia lilikuwa limeshuka kiasi cha kiganja. Kati ya ekseli na chesisi utingo alikuwa amepachika kipande cha gogo, akakifunga kwa mpira wa tyubu, wakajikokota hivyo hivyo mpaka penye fundi.

Fundi alikuwa mzee. Hakuomba spana wala jeki. Alilizunguka gari mara moja, akachuchumaa penye springi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jani lililokatika, kisha akamtazama yule utingo.

"Hili halijakatika leo, mura," alisema. "Leo limemaliza tu."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo, na sura hii yote ni maelezo yake. Springi haivunjwi na shimo moja. Huvunjwa na mambo madogo yaliyoachwa kwa miezi, na mengi kati ya hayo yanatokana na kosa moja la kufikiri: kudhani kwamba nguvu ya springi ni ugumu wake. Nguvu ya springi ni kukubali kuinama na kurudi. Anayeitengeneza ana kazi ya kuirudishia uwezo huo, na anayeitunza ana kazi ya kuulinda.

Upinde chini ya mzigo

Springi ya lori ni upinde, na watu wa Mara wanaujua upinde. Anayeuchonga hatafuti mti mnene, kwa sababu mti mnene ukivutwa hukataa na ukilazimishwa hupasuka. Hutafuta mti unaopinda na kurudi ulikokuwa. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke aliliandika jambo hilo kama kanuni: springi huinama kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza, na nguvu ikiwa maradufu nayo huinama maradufu. Mzigo ukishushwa, hurudi. Kanuni hiyo ina mpaka wake. Springi ikikandamizwa kupita kiasi hairudi yote, na hapo mafundi husema imelala.

Magari ya injini yaliirithi springi ya majani kutoka kwa magari ya farasi. Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya springi za aina hiyo mwaka 1804, na zaidi ya miaka 200 baadaye wazo lile lile linabeba mahindi ya Serengeti na ng'ombe wanaotoka mnadani.

Lakini kwa nini majani mengi? Kwa nini lisiwekwe pande moja nene la chuma, kazi ikaisha? Jibu liko kwenye hesabu ya unene. Jani likinenepa mara mbili, ugumu wake hauongezeki mara mbili bali mara nane. Chukua jani la milimita 20 na ulilinganishe na majani mawili ya milimita 10 yaliyolaliana. Chuma ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini lile pande moja ni gumu mara nne kuliko yale mawili. Tena, yakipindwa sawa, ngozi ya jani nene huvutwa mara mbili zaidi ya ngozi ya jani jembamba. Kwa hiyo jani nene huinama kidogo na kuumia sana, wakati majani membamba huinama sana na kuumia kidogo. Ndiyo maana springi hupangwa kwa tabaka, refu juu na fupi chini, kila moja likimsaidia mwenzake pale katikati mzigo unapoelemea zaidi.

Hesabu hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: majani yaweze kuteleza, moja juu ya jingine. Kuteleza kwenyewe kuna msuguano, na msuguano huo una faida, kwa kuwa humeza sehemu ya mdundo gari linapopita shimoni. Kutu inapoyashika majani yakawa kama yamegundishwa, tabaka lote linaanza kufanana na lile pande moja nene. Abiria atasema gari limekuwa gumu. Springi, kama ingekuwa na kinywa, ingesema inaumia.

Kusoma mkato

Fundi wa Busawe alipokitoa kipande kilichokatika, alikifuta kwa tambara lenye dizeli na kukielekeza juani. Akaniita. "Soma hapa," akasema, kana kwamba amenipa barua.

Uso wa mkato ulikuwa na rangi mbili. Sehemu moja, karibu theluthi, ilikuwa laini na ya kahawia iliyokolea, na ndani yake mlikuwa na mistari myembamba iliyopindana, kila mmoja ukiukumbatia mwenzake, kama alama ambazo maji ya ziwa huziacha mchangani yanaporudi nyuma. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kijivu kinachong'aa, yenye chembe chembe kama sukari. Ile ya kahawia ni ya zamani: ufa ulianza pale, ukasogea kidogo kidogo, na kutu ikaufuata kila uliposogea. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika asubuhi hiyo. Kwa muda mrefu jani lile lilibeba mzigo wa jani zima kwa theluthi mbili za mwili wake.

Kukatika kwa namna hiyo wahandisi hukuita uchovu wa chuma, na dunia iliujua kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilipinduka baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler, aliyefanya kazi kwenye reli za Prussia, alitumia miaka mingi kupinda ekseli za treni kwa mashine, tena na tena, akihesabu. Alionyesha kwamba chuma kinachovumilia mzigo fulani mara moja bila shida yoyote huweza kukatika kwa mzigo mdogo zaidi ukirudiwa mara nyingi vya kutosha.

Sasa fikiria barabara ya changarawe yenye mikunjo midogo midogo. Tuseme gurudumu linarushwa mara 100 katika kila kilomita. Safari ya kilomita 60 ni mipindo 6,000, na kurudi ni 6,000 mingine. Gari likienda na kurudi mara tatu kwa wiki, springi hiyo imepindwa mara 36,000 kabla ya Jumapili. Shimo kubwa ambalo dereva hulilaani ni moja tu kati ya hizo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye springi ufa hauzibwi. Jani lenye ufa, hata uwe mdogo kama unywele, hutolewa. Wapo wanaolichomelea kwa umeme ili lifike safari moja zaidi, lakini joto la kuchomelea huharibu chuma pande zote mbili za mshono, pengine kikawa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae, pengine kikalegea. Hukatika tena pembeni mwa mshono, safari hii pengine kwenye mteremko.

Swali la nati

Mkato wa jani lile ulipita katikati kabisa, kwenye tundu la sentabolti. Mzee alipoona hivyo alimgeukia dereva.

"Nati za yubolti mlizikaza lini?"

"Tangu nilikabidhiwe gari hili, mzee wangu, sijazigusa."

Si kila dereva anajua kwa nini swali hilo linaulizwa. Sentabolti ni bolti ndogo inayopita kwenye majani yote na kuyaweka katika mstari mmoja, na kichwa chake hukaa kwenye tundu la kiti cha ekseli ili ekseli isihame. Yubolti ndizo zinazobana majani yote kwenye ekseli. Zikiwa zimekazwa sawasawa, sehemu ya katikati ya springi haipindi hata kidogo, kwani imeshikwa kama kwenye jiwe. Kupinda kunaanzia nje ya kibano, mahali ambapo chuma ni kizima.

Nati zikilegea, hata kwa robo mzunguko, kupinda kunahamia katikati. Na pale katikati kila jani lina tundu, yaani ndipo lilipo dhaifu kuliko kwingine kote. Jani lililotengenezwa lisipinde mahali hapo sasa linapinda hapo hapo mara 36,000 kwa wiki. Kwa hiyo mkato unaopita kwenye tundu la katikati humshtaki mtunza gari kabla ya barabara. Mkato ulio karibu na jicho, pale pini inapopita, mara nyingi huelekeza kwenye bushi iliyoisha au pini iliyokosa grisi. Mkato ulioanzia kwenye kovu la tindo au la nyundo humshtaki fundi aliyetangulia.

Nati zikilegea zaidi, sentabolti yenyewe hukatwa, na ekseli inateleza kurudi nyuma upande mmoja. Hapo utaliona lori likienda barabarani mwili ukiwa umekaa mshazari, kichwa huku na mkia kule. Gari la namna hiyo linakula matairi, halishiki breki vizuri, na halifai kubeba mtu.

Kufungua

Kazi ya kufungua inataka subira kuliko nguvu. Kwanza shehena hushushwa. Magurudumu yanayobaki chini huwekewa kabari mbele na nyuma. Nati za yubolti hulegezwa gari likiwa bado limesimama kwa uzito wake, kisha chesisi, si ekseli, huinuliwa kwa jeki na kuegeshwa juu ya magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya gari. Hilo halina mjadala.

Pini zikitoka, springi nzima hushushwa chini. Hapa pana hatari ambayo vijana wengi hawaijui. Majani hayakupindwa sawa: kila jani fupi limepindwa zaidi ya refu lililo juu yake, ili yakifungwa pamoja yabanane yenyewe. Ukifungua sentabolti bila kuyabana kwanza, yanaruka. Fundi wa Busawe aliyabana kwa vibano viwili, kimoja kila upande, akafungua sentabolti akiwa amesimama pembeni, kisha akalegeza vibano kwa zamu, mzunguko mmoja huku na mmoja kule, mpaka majani yakalala kimya.

Halafu kila jani huoshwa kwa dizeli na kusuguliwa kwa brashi ya waya, na kukaguliwa hasa upande wake wa juu. Springi inapobeba mzigo, uso wa juu wa jani ndio unaovutwa, na ufa huanzia pale panapovutwa. Jani zima ukilining'iniza kwa kamba na kuligonga kwa nyundo ndogo hulia kama kengele na sauti huchelewa kufa. Lenye ufa mkubwa hukoroma. Sikio halitoshi, lakini husaidia kuamua ni jani gani litazamwe mara ya pili.

Jani jipya lichaguliwe kwa upana, unene na mpindo wa lile la zamani. Likiwa limepinda zaidi ya wenzake waliochoka, ndilo litakalobeba mzigo peke yake, na litafuata njia ya lile lililotoka. Ndiyo maana fundi mzuri hupima na upande wa pili wa gari, ambao haujavunjika. Springi mbili za ekseli moja ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja: mmoja akiwa mfupi, mstari hautanyooka.

Moto wa mhunzi

Springi iliyolala ambayo haijakatika huleta kishawishi kingine: kuitia kwenye moto wa mkaa, kuipinda upya na kuiacha ipoe. Hapa lazima niseme wazi, nikiwaheshimu wahunzi.

Chuma cha springi kina kaboni kama nusu ya asilimia au zaidi kidogo, pamoja na silikoni, manganizi au kromiamu. Kiwandani hupashwa hadi nyuzi 850 hivi, kikazimishwa kwa ghafla kwenye oili, na hapo kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisha hupashwa mara ya pili, kati ya nyuzi 400 na 500, ili ugumu upungue kidogo na uwezo wa kuinama urudi. Moto huo wa pili ndio unaokifanya kiwe springi. Jani lililopashwa likawa jekundu na kuachwa lipoe lenyewe limepoteza yote mawili. Litafungwa likiwa na mpindo mzuri wa kupendeza macho, na baada ya safari chache za mzigo litalala tena. Ni afadhali kulipinda likiwa baridi, kwa nyundo na fuawe, polepole, bila kuacha makovu upande wa juu, au kulibadilisha.

Ukanda huu una historia ndefu ya chuma. Kusini mwa Ziwa Victoria, Warongo wa Buzinza walifua majembe yaliyosafiri hadi Usukuma, na katika nchi hii ya magharibi mwa Serengeti walikuwapo Waturi, watu ambao ufuaji ulikuwa urithi wao. Leo wahunzi wa Afrika Mashariki hupenda springi ya gari kuliko chuma kingine chochote, kwa kuwa hupokea makali na kuyatunza. Jani lililokatika halitupwi. Hutoka panga, shoka, jembe, kisu cha kuchinjia. Moto wa mhunzi ni mahali halali pa kwenda springi iliyokufa, kwa sababu panga halitaombwa kubeba tani za mahindi na kuinama mara elfu kwa siku.

Jani la ziada

Dereva alikuwa na ombi. "Mzee, niongezee na jani moja kila upande. Mzigo wenyewe unauona."

Ombi hili husikika kila gereji, na sababu yake inaeleweka: gari ni la mtu mwingine, hesabu ya jioni ni lazima ifike, na gunia kumi za ziada ndizo faida. Lakini jani la ziada haliiongezei ekseli nguvu, wala breki, wala matairi, wala chesisi. Linaondoa tu ishara. Gari lililozidishiwa mzigo huinama ili kumwambia dereva kwamba limezidiwa, na jani la ziada humnyamazisha msemaji huyo. Pigo ambalo springi ingelimeza huenda moja kwa moja kwenye vishikio vya chesisi, na ufa unaanzia huko, ambako kutengeneza ni ghali zaidi.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Hilo halikutungwa kwa ajili ya kuwasumbua madereva kwenye mizani. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiwa maradufu, uharibifu wa barabara huongezeka kama mara 16. Lori lililoongezewa majani huchimba mashimo, na mashimo hayo hayo hurudi kukata springi za malori yote yanayolifuata.

Mzee alikataa. "Nitakurudishia majani uliyokuja nayo, yawe mazima. Zaidi ya hapo utatafuta fundi mwingine."

Kukaza mara ya pili

Springi ilifungwa ikiwa na sentabolti mpya na yubolti mpya. Yubolti ya zamani imekwisha vutika, na hata ukiikaza mpaka spana ipige kelele haishiki tena kama mwanzo. Pini zilipakwa grisi, na bomba la grisi likasukumwa mpaka grisi chafu ikatoka yote na safi ikaanza kuonekana. Kati ya majani alipaka tabaka jembamba tu. Grisi nyingi ikitokeza nje hushika vumbi la kiangazi, na vumbi likichanganyika na grisi huwa msasa unaokula chuma kila kinapoteleza.

Nati za yubolti alizikaza gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake, kwa spana ndefu iliyochomekewa bomba, akipishanisha kona: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Kisha akachukua kamba, akapima kutoka kishikio cha mbele cha springi hadi ekseli, kulia na kushoto. Kamba ilikuwa sawa pande zote.

Dereva alidhani kazi imekwisha, akatoa pesa. Mzee alizipokea, akasema: "Nenda na mzigo wako mpaka Mugumu. Ukirudi, pitia hapa kabla ya kwenda nyumbani. Sitakudai kitu."

Lori lilirudi kesho yake alasiri, likiwa limesimama wima. Mzee alimpa utingo ile spana ndefu na kumwelekeza kwenye nati alizozikaza yeye mwenyewe jana, kwa nguvu zake zote. Kijana aliivuta ya kwanza bila kutarajia kitu. Ilizunguka. Akavuta ya pili, nayo ikazunguka. Majani yalikuwa yamekaa, rangi na kutu iliyobaki kati yake imesagika, na yubolti zimejivuta kidogo. Nati zote nne zilichukua karibu robo mzunguko.

Utingo alizitazama, kisha akakitazama kile kipande cha jani kilichokuwa bado kimeegemea mti, uso wake wa kahawia ukiwa juani. Mzee hakumwambia kitu. Alimwachia spana, akaenda upande wa pili wa gari, na kumsubiri aje kukaza na huko.